Ripoti Inasema Pesa Zimetumika, Wodi Bado Haina Mlango

Maswali ya wasomaji kuhusu fedha za kaunti nchini Kenya yanajibiwa na mhasibu mstaafu aliyefanya kazi katika hazina ya kaunti.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati kijijini kwetu, huku Pwani. Palisimikwa ubao wa mradi: ujenzi wa wodi ya kina mama kujifungulia, Sh4.8 milioni. Kuta zimesimama, mabati yameezekwa, lakini milango hakuna, maji hakuna, na mkandarasi haonekani. Kwenye mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi, afisa alitusomea kwamba idara ya afya imetumia asilimia 95 ya fedha zake za maendeleo. Nikamuuliza wodi yetu imo kwenye hiyo 95 au kwenye hiyo tano iliyobaki. Akapita. Nisome ripoti gani nijue ukweli? – Mjumbe wa kamati, Pwani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulistahili kujibiwa palepale, na anayesoma asilimia mbele ya watu ana wajibu wa kusema ni asilimia ya nini.

Anza na ripoti ya Msimamizi wa Bajeti kuhusu serikali za kaunti. Hutoka kila robo mwaka, na kila kaunti kati ya zote 47 ina sehemu yake. Tafuta jedwali la matumizi ya idara. Utakuta safu tatu za fedha: bajeti iliyoidhinishwa, fedha zilizotolewa, na matumizi. Mwishoni kuna safu mbili za asilimia, na hapo ndipo watu wengi hupotezwa. Ya kwanza hulinganisha matumizi na fedha zilizotolewa. Ya pili hulinganisha matumizi na bajeti nzima. Tuseme idara ilitengewa Sh100 milioni za maendeleo, ikatolewa Sh40 milioni, ikatumia Sh38 milioni. Kwa hesabu ya kwanza imetumia asilimia 95. Kwa hesabu ya pili ni asilimia 38. Zote mbili ni kweli, zimo katika jedwali moja, na ukiniuliza mimi, mwananchi aliyeahidiwa wodi anapaswa kusomewa ya pili kwanza.

Kwa nini pengo linakuwa kubwa hivyo? Bunge la kaunti likiidhinisha bajeti, limetoa ruhusa tu, pesa zenyewe hazijafika. Sehemu kubwa ya pesa hutoka kwenye mgao wa serikali kuu. Mwaka wa fedha wa 2013/14, wa kwanza wa ugatuzi, kaunti zote ziligawana Sh190 bilioni. 2024/25 zikagawana takriban Sh387 bilioni. Mgao huo huja kwa awamu, na mara nyingi huchelewa. Ukifika, huingia katika Mfuko wa Mapato ya Kaunti, na hakuna gavana anayeweza kuchota humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Mgao ukichelewa, mishahara hulipwa kwanza. Kinachosubiri ni maendeleo, yaani wodi yako.

Nimekaa kwenye meza hizo. Wiki ya mwisho ya Juni vocha za malipo hupangwa mafungu mafungu hadi sakafuni, IFMIS, mfumo wa kompyuta wa malipo ya serikali, unakwama kwa sababu kila kaunti inaingiza malipo kwa wakati mmoja, wakandarasi wamejaa kwenye veranda na ankara mkononi, na mwaka unafungwa Juni 30. Vocha ambayo haikupita inahamia Julai ikiwa deni. Mkandarasi aliyepandisha kuta na kupewa cheti cha malipo mwezi wa Aprili anaweza kukaa mwaka mzima bila kuona shilingi. Naye fundi wake hawezi kuning'iniza milango kwa ahadi.

Kwa hiyo wodi yako inaweza kuwa imekwama kwa moja ya sababu tatu, na kila sababu ina karatasi yake.

Kwanza, huenda kazi iliyofanyika haijalipwa. Hapo utaikuta katika orodha ya madeni ya kaunti, yale ya bili ambazo hazijalipwa. Ripoti ya Msimamizi wa Bajeti hutaja jumla ya madeni hayo. Orodha yenyewe, yenye jina la mradi na la mkandarasi, iko Hazina ya Kaunti.

Pili, huenda pesa zake zilihamishwa. Katikati ya mwaka kaunti hupeleka bajeti ya ziada bungeni, na mradi uliokuwa na Sh4.8 milioni unaweza kubakishiwa milioni moja bila mtu wa kijijini kusikia. Hii ndiyo ninayokuomba uichunguze zaidi, kwa sababu bajeti ya kwanza husomwa kwa shangwe ilhali ile ya ziada hupita kimyakimya. Weka vitabu viwili sambamba, bajeti iliyoidhinishwa mwanzoni na bajeti ya ziada, utafute mstari wa zahanati yako katika vyote viwili. Ukiukosa katika cha pili, jibu lako umelipata, na wa kumuuliza ni mwakilishi wadi aliyeipigia kura.

Tatu, na hii ndiyo inayouma, huenda mkandarasi alilipwa kazi ambayo hakuifanya. Omba mkataba, vyeti vya malipo, na ile orodha ya vipimo na bei ambayo mafundi huiita BQ. Kisha ingia ndani ya wodi na BQ mkononi, ukiwa na wajumbe wenzako, msome mstari mmoja mmoja. Fremu za milango, ngapi? Milango ya mbao ngumu, ngapi? Sinki? Tangi la maji na msingi wake? Bomba kutoka kwenye tangi hadi chumba cha kujifungulia? Kila mstari muuandikie umeonekana au haukuonekana, mpige picha, mtie sahihi. Cheti kikisema tangi limelipwa na tangi halipo, hilo si suala la mgao kuchelewa tena. Hilo ni la Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Ubao usikudanganye. Sh4.8 milioni zilizoandikwa pale ni bei ya mradi, wala si ushahidi kwamba hata senti moja imetoka.

Sasa nikupeleke mbele kidogo ya ulipouliza, kwa sababu umo kwenye kamati ya zahanati na una kitu ambacho wahasibu hatuna. Ripoti ya fedha husema pesa zilikwenda wapi. Haisemi kama mama amejifungua salama. Hali ya watu imo katika vitabu vingine, hasa Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya (KDHS) unaofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu. Ule wa 2022 unaonyesha kwamba akina mama waliojifungulia katika vituo vya afya walifika asilimia 82 nchini, kutoka asilimia 61 mwaka wa 2014. Udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano, yaani kuwa wafupi kuliko umri wao, ulishuka kutoka asilimia 26 hadi 18. Ni hatua kubwa, na tuzifurahie. Lakini fungua jedwali la kaunti. Kilifi ina asilimia 37 ya watoto waliodumaa, Pokot Magharibi 34, Samburu 31, ilhali Kisumu na Garissa zina asilimia 9. Wastani wa taifa unamficha mtoto wa Kilifi kabisa.

Ndiyo maana ripoti za maendeleo za kila mwaka za kaunti zinanikera zinapohesabu "zahanati zilizojengwa" kana kwamba jengo ni huduma. Wodi yenu isiyo na mlango inaweza kuwa imehesabiwa humo tayari. Wewe mwombe nesi msimamizi wa zahanati jumla za kila mwezi anazojaza katika fomu ya MOH 711: akina mama wangapi walikuja kliniki, wangapi walijifungulia pale. Usiombe majina ya mtu, jumla zinatosha. Ziandike kuanzia kabla ya ubao kusimikwa hadi leo. Kisha fungua mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023 hadi 2027 uone waliahidi nini kuhusu uzazi. Mkutano ujao wa maoni uende na karatasi tatu: kilichoahidiwa, kilichotolewa, na waliojifungua. Afisa anaweza kupita swali la asilimia. Kuipita karatasi ya nesi wake mwenyewe ni vigumu zaidi.

SWALI: Habari za kazi, mama? Gavana wetu anatangaza redioni kwamba kaunti imepata hati safi kutoka kwa Mkaguzi Mkuu. Wapinzani wake wanashika ripoti hiyohiyo na kusema imejaa miradi iliyokwama na pesa zilizopotea. Nani mwongo? – Mwalimu wa sekondari, Magharibi

JIBU: Salama, mwalimu. Inawezekana hakuna mwongo, na uchungu uko hapohapo.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kuhusu taarifa za fedha: je, vitabu vinaonyesha hali halisi? Hapo ndipo hutolewa maoni ambayo watu huyaita hati. Kuna hati safi. Kuna yenye kasoro, maana yake vitabu viko sawa isipokuwa mambo yaliyotajwa. Kuna mbaya, yaani vitabu haviaminiki. Na kuna mkaguzi kukataa kutoa maoni kwa sababu hakupewa stakabadhi za kutosha. Hiyo ya mwisho mimi huiogopa kuliko zote.

Sehemu ya pili huuliza kama pesa zilitumika kwa mujibu wa sheria na kwa manufaa. Katiba, Ibara ya 229, inamtaka mkaguzi athibitishe hilo. Ya tatu ni kuhusu udhibiti wa ndani na uongozi. Hati safi inahusu sehemu ya kwanza peke yake. Kaunti inaweza kuandika vizuri kabisa katika vitabu vyake kwamba ililipia soko, na sehemu ya pili ikasema soko hilo limefungwa halitumiki na mtu. Gavana amesoma sehemu ya kwanza, wapinzani wamesoma ya pili. Wewe soma zote, na uangalie ni ripoti ya nani, kwa sababu serikali ya kaunti na bunge la kaunti hukaguliwa mbalimbali.

Humo utakuta pia vipimo viwili ambavyo wanafunzi wako wa kidato cha pili wanaweza kuvikokotoa. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kanuni za 2015 zinataka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti.

Ila usiseme mtu ameiba kwa sababu ya hoja ya ukaguzi. Hoja ni swali linalodai stakabadhi. Wizi huthibitishwa mahakamani. Linalopaswa kukuwasha ni hili: bunge likishapokea ripoti lina miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Muulize mwakilishi wadi wako iliyopita ilijadiliwa lini.

SWALI: Nilikwenda makao makuu ya kaunti kuomba ripoti ya robo mwaka. Karani akaniuliza naitaka ya nini, akasema niandike kwa Kiingereza. Mimi niliishia darasa la nane. – Muuza samaki, Pwani

JIBU: Dada yangu, yote mawili hakuwa na haki ya kukuambia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na haki yako haipungui kwa sababu yoyote uliyo nayo au ambayo karani anadhani unayo. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala tu. Tena ripoti hiyo sheria inaitaka kaunti iichapishe kabla hata hujaomba, ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kwisha.

Andika hivi: "Mimi ni raia wa Kenya. Chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya ripoti ya fedha ya kaunti ya robo mwaka iliyoishia Desemba 31, pamoja na orodha ya miradi ya wadi yangu na malipo yaliyofanywa kwa kila mradi." Weka jina, tarehe na mahali pa kupokelea jibu. Wana siku 21. Wanaweza kuongeza siku 14, mara moja tu, ikiwa habari ni nyingi. Wakinyamaza, sheria inahesabu kwamba wamekataa, nawe una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Peleka barua mbili zinazofanana, ile itakayobaki nawe igongwe muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku 21 zinahesabiwa kutoka tarehe hiyo.