Kipindi cha michezo si cha kuazimana

Wiki iliyopita mwalimu kijana wa Micheweni, huku kwetu Pemba, kaniandikia: "Dada, shikamoo. Nimetupiwa kipindi cha michezo, darasa la nne. Watoto wanapindukia 80, mpira mmoja na wenyewe umepasuka, na mwalimu wa hesabu kila wiki anakitaka kipindi. Nifanyeje?"

Nilicheka, kisha nikaona hasira zinanipanda, maana hadithi hiyo ni yangu tupu.

Nilipoanza kazi katika skuli moja ya msingi upande wa Wete, michezo alipewa mgeni, na mgeni nilikuwa mimi. Chumba cha walimu wakiniita "mwalimu wa kurukaruka". Mwenzetu mmoja wa hesabu hata kuomba alishaacha. Akiingia, anafuta ubao, anaanza hesabu za sehemu, na watoto wananitazama mimi nimesimama mlangoni. Nikilalamika naambiwa mitihani iko karibu, mwalimu, michezo itasubiri. Mpaka leo yule bwana hajaniomba radhi, na mimi sijasahau.

Kipindi changu kilisimama siku nilipokitia kwenye karatasi. Niliandika azimio la kazi la muhula mzima, wiki kwa wiki: kukimbia, kuruka, kurusha, kulenga, kusimama mguu mmoja bila ya kuyumba. Nikalipeleka kwa mwalimu mkuu likatiwa saini kama maazimio ya masomo mengine, na kila kipindi nikakiandikia andalio lake la somo. Alipokuja mwenzangu na chaki zake nikamwambia, "Mwalimu, leo tuna kuruka kamba, na saini hii hapa. Wewe ya kwako ya leo, saa hii, iko wapi?" Akageuka na chaki zake. Basi mdogo wangu, kabla ya kutafuta mpira, andika.

Mpira wenyewe nao usikuumize kichwa. Mpira mmoja kwa watoto wote hao ni ugomvi: wavulana kumi wenye nguvu wanaufukuza, waliobaki wamekaa chini ya mwembe wanachimba mchanga kwa vijiti. Mimi nawagawa makundi manne kwa majina ya samaki: changu, tasi, kolekole na nguru. Changu wanaruka kamba, tasi wanacheza nage, kolekole wanapokezana kijiti, nguru wanatupia mipira ndani ya pakacha. Nikipiga makofi matatu wanahama. Firimbi sina na siitaki, koo na viganja vinatosha.

Mipira tunashona ya matambara. Zamani watu walifunga kwa mifuko ya plastiki, lakini hiyo Zanzibar imepigwa marufuku tangu 2006, na wala sijaikosa. Mpira wa matambara haudundi sana, na kwetu hiyo ni neema. Uwanja wetu uko kwenye mteremko, mpira wa dukani ukipigwa vibaya unaishia bondeni kwenye mpunga wa watu, na nusu ya kipindi imekwisha kwa kuufuata.

Kamba nilipewa na bibi mmoja jirani na skuli anayesokota usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Kamba ya usumba ni nzito, inazunguka vizuri hata kukiwa na upepo, watoto wanne wanaruka kwa pamoja. Ubaya wake inachoma viganja. Nilichana kanga kuukuu nikazizungushia ncha zote mbili, nikafunga fundo, mambo yakaisha. Ikirowa mvua uitundike, usiiache chini.

Sasa wasichana. Mzee mmoja alinijia skuli uso umekunjana. "Mwalimu, mwanangu keshakuwa mwari, leo arukeruke mbele za watu?" Nikamwamkia, nikampa kiti, kisha nikamchukua nyuma ya madarasa, pasipopita njia. Wasichana wa darasa la sita wako kwenye nage, mitandio wameifunga kwa nyuma, suruali ndani ya sketi. Wawili wanarusha, wa katikati anakwepa. Mzee akatazama muda mrefu. Mwisho akasema, "Huyu anayerusha upande wa huku hajui kulenga." Binti yake hajakosa kipindi tena. Kwa hiyo usibishane na mzazi ofisini, mwoneshe.

Na wazazi mnaonisoma, naomba mnisikilize. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumikisha mwili. Wa kwetu asubuhi amekaa skuli, mchana amekaa chuoni anasoma Kurani, usiku amekaa na simu ya mama yake. Halafu tunashangaa hatulii! Kila Septemba tunaadhimisha tamko la Elimu Bila Malipo la mwaka 1964, tunakwenda kuwapigia makofi watoto wakishindana mbio. Mazoezi walifanya lini, ikiwa kipindi chao kimeliwa na sehemu na desimali? Mwalimu mwenzangu, mtoto aliyekimbia asubuhi hesabu zako atazisikia vizuri zaidi. Hili nimeliona kwa macho yangu, na nitalisema mpaka nistaafu.

Mengine ni madogo madogo. Omba kipindi kiwekwe mapema, jua la saa sita halina huruma. Wako wanaokuja na chai ya rangi tu tumboni; ukimwona mtoto kachuchumaa pembeni usimkemee, mpe kazi ya kuhesabu mipira iliyoingia pakachani. Mwenye pumu mjue kwa jina kabla ya mbio. Ramadhani tunacheza mdako na bao kivulini. Masika vilevile, mdako barazani, na kokoto wazikusanye wenyewe mapema siku ya jua, kwa sababu mvua ikishaanza hakuna atakayetoka kuzitafuta.