Kabla Hujapiga Windows, Muulize Mhasibu Mafaili Yake Yako Wapi

Jumamosi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa binti mmoja aliye fildi kwenye ofisi fulani huko Sengerema. Aliandika: "Shikamoo kaka. Kompyuta ya ofisi inawaka lakini batani ya Start haifunguki, na ukigusa mipangilio ya printa dirisha linajifunga lenyewe. Bosi amesema Jumatatu asubuhi nipige Windows mpya. Nifanyeje?"

Nilimjibu kwa neno moja kwanza: usipige. Halafu usingizi ukakata, kwa sababu ujumbe ule ulinirudisha Kirumba, hapa Mwanza, mwaka 2017.

Wakati huo nilikuwa na cheti kipya, begi jeusi na fleshi ya GB 16 yenye Windows. Ofisi moja ya wanunuzi wa samaki, jirani na soko la samaki la Mwaloni, ilinipa kazi ya kutunza kompyuta zao nne. Ilikuwa kandarasi yangu ya kwanza na nilijiona nimefika. Alasiri moja mashine ya mhasibu ilikuwa inapokea masasisho, umeme ukakatika. Uliporudi, skrini ya bluu. Ikajizima, ikajiwasha, bluu tena.

Sikuuliza swali hata moja. Nilichomeka fleshi, nikafuta diski C yote, nikapiga Windows mpya. Ndani ya dakika 40 nilikuwa nimemaliza. Nikamwita mama mhasibu, mtu mzima wa rika la mama yangu, nikiwa nimejaa majivuno: "Mama, tayari." Akakaa, akavaa miwani, akaitazama ile skrini safi isiyo na kitu. Akauliza taratibu, "Mwanangu, mafaili yangu ya wavuvi yako wapi?"

Yalikuwa Desktop. Miezi minne ya hesabu: nani amekopeshwa nyavu, nani amechukua mafuta ya injini, nani ameleta kilo ngapi za sangara na amekatwa kiasi gani. Nakala haikuwepo popote. Nilihangaika siku mbili na programu za kurejesha mafaili, nikaambulia vipande visivyofunguka.

Ikabidi aanze upya kutoka kwenye risiti, nami nikakaa naye kuzipanga. Mpaka leo naziona karatasi zile. Zilikuwa zimelowa zikakauka, zimejikunja pembeni, nyingine zina magamba ya samaki yaliyogandia juu ya tarakimu, mpaka ulibandue gamba kwa ukucha ndipo ujue kama ni 3 au 8. Tulifanya hivyo wiki nzima. Yule mama hakunifokea hata mara moja, na angenifokea labda ningepona mapema. Aliyesema ni mwenye ofisi, mbele ya wabeba mizigo: "Huyu si fundi, huyu ni mfutaji." Kandarasi ikaishia hapo. Miaka imepita na neno lile bado linaniuma.

Ndiyo maana nilirudi kujifunza kitu ambacho nilipaswa kukijua kabla ya kushika fleshi: Windows ikiharibika mafaili yake, mara nyingi inaweza kutibiwa bila kufutwa.

Nieleze kwa mfano wa kwetu. Windows ina stoo ya nakala safi za mafaili yake, kwenye folda inayoitwa WinSxS. Amri ya sfc /scannow ni kama fundi nyavu: anaupitia wavu jicho kwa jicho, akikuta pamekatika anachukua uzi stoo na kuunga. Sasa kama uzi wa stoo nao umeoza, fundi ataunga nini? Hapo ndipo sfc inakuambia imekuta mafaili mabovu ila mengine imeshindwa kuyatengeneza, na hapo ndipo vijana wengi wanakata tamaa na kutoa fleshi. Hawajui kwamba kuna amri nyingine, DISM, ambayo kazi yake ni kuiponya stoo yenyewe. Ukishaiponya stoo, unamrudisha fundi nyavu kazini na anamaliza.

Alhamisi iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja ya uwakala wa mizigo, upande wa bandari ya Mwanza Kusini. Dalili zilikuwa zilezile za binti wa Sengerema. Fundi aliyenitangulia alishawaambia, "Hii ni ya kupiga Windows tu, elfu thelathini." Mimi nilianza kwa kumuuliza dada wa mapokezi mafaili yake yanakaa wapi. Tukahamisha GB 61 kwenye diski ya nje, nikafungua mawili matatu kuhakikisha yanafunguka. Nakala kwanza. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Kisha nikafungua Event Viewer, daftari ambamo Windows huandika yaliyoipata. Nilikuwa naitafuta namba 7 ya diski, ile inayosema kuna sehemu mbovu. Ukiikuta hiyo, acha habari ya kutengeneza mafaili. Hamisha kazi za watu na ununue diski mpya. Sikuikuta. Nilichokuta ni namba 6008 zimejipanga, maana yake mashine ilizimika ghafla. Namba hiyo inataja saa ambayo mashine ilizimika, na hapa karibu kila siku ya kazi ilikuwa kati ya saa 11:30 na 11:40 jioni.

Ofisi nzima ilisema ni umeme wa mtaani. Lakini umeme wa mtaani haukatiki kwa ratiba ya namna hiyo. Nikaamua kubaki. Saa 11:34 mlinzi akaingia, akatusalimia vizuri, akaenda ukutani na kushusha swichi kuu. Ameagizwa hivyo kwa kuogopa moto, na anafanya kazi yake kwa uaminifu. Na dada wa mapokezi siku zote alikuwa anazima skrini akiamini amezima kompyuta. Chini ya meza mashine ilikuwa ingali inaandika kwenye diski, kila jioni inanyang'anywa umeme katikati ya sentensi.

Kuipata sababu ile kulinifurahisha kuliko malipo. Yule wa elfu thelathini angepiga Windows, na muda si mrefu ingeoza tena.

Usiku ule tulimwomba mlinzi asishushe swichi, nikaiachia chkdsk C: /f, amri ya kukagua diski na kurekebisha makosa yake, ipitie diski. Asubuhi nikafungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kwa kuchagua Run as administrator, nikaandika:

dism /online /cleanup-image /restorehealth

Ikafika asilimia 62.3 ikasimama. Hapo wengi huzima kwa nguvu, na kuzima katikati ya tiba ni kuongeza ugonjwa. Niliwaambia asiguse mtu, tukanywa chai. Karibu nusu saa baadaye ikaendelea, halafu ikaleta kosa 0x800f081f, yaani haikupata pa kuchukulia mafaili mazuri. Nilikuwa nimejiandaa na ISO, yaani faili moja lenye Windows nzima ya kusimika, ya toleo lilelile kwenye fleshi. Nikaifungua ikajitokeza kama diski E, nikaangalia namba ya toleo lao ndani yake:

dism /get-wiminfo /wimfile:E:\sources\install.wim

Lao lilikuwa namba 6, nikairudia tiba nikiielekeza huko:

dism /online /cleanup-image /restorehealth /source:wim:E:\sources\install.wim:6 /limitaccess

Safari hii ikafika mia. Nikapiga sfc /scannow, ikasema imekuta mabovu na imeyatengeneza. Nikaizima na kuiwasha, nikapiga sfc mara ya pili, haikukuta kosa. Dada akabonyeza Start, ikafunguka. Meneja alinishika mkono kwa mikono miwili. Nawaambia ukweli, wakati ule nilitamani yule mwenye ofisi wa Kirumba awepo.

Wadogo zangu mnaotaka kuaminiwa na maofisi ya mji huu, nisikilizeni. Ofisi haikuiti kwa sababu ya Windows. Inakuita kwa sababu ya kazi ya mtu iliyomo humo ndani: mishahara, madeni, barua za kesi. Acheni kukimbilia fleshi kwa sababu tu ni haraka na mteja haelewi. Acheni kupakua faili moja moja la DLL, yale mafaili ambayo programu huyategemea, kwenye tovuti msizozijua. Hujui umeingiza nini kwenye mashine ya watu. Acheni programu za kuiba leseni, nyingine zinakuja na virusi vyake. Wengi maofisini bado wana Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, basi tunza ISO ya toleo la kila ofisi unayoihudumia, usianze kuitafuta kwa bando siku ya tatizo. Na mwambie mwenye ofisi anunue UPS, betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika, hata kama ataguna. Na nakala kwanza, jamani. Nakala kwanza.

Binti wa Sengerema nimemwandikia hatua zote leo mchana. Aanze na diski ya nje, akae na mhasibu wao wafungue mafaili pamoja kabla hajagusa amri yoyote. Bosi wake akiwa na haraka, anipe namba yake nizungumze naye mwenyewe. DISM ikisimama asilimia 62.3, aiache, akanywe chai. Kesho saa mbili asubuhi simu yangu itakuwa mezani, na nimemwambia akikwama anitumie picha ya skrini nzima.