Barua kwa mwanangu: picha zako na karamu ya wauza silaha

Mwanangu mpendwa,

Huku Kirumba hatujambo, ila mvua haziwapi dagaa nafasi ya kukauka. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema jumba la sanaa la huko London lililotundika picha zako tatu za mitumbwi limekodishwa usiku mmoja kwa kampuni ya silaha, na meneja anasema kukodisha ni biashara tu, maonyesho hayahusiki. Unauliza kama uzitoe, na uanzie wapi.

Zitoe. Kampuni ya silaha haikosi pesa za hoteli. Inafuata jumba la sanaa kwa sababu ya heshima yake, na heshima hiyo inatokana na kazi zenu. Mnahusika sana.

Ila usiende peke yako, kidole kimoja hakivunji chawa. Julai 2018, Design Museum ya huko huko London ilipokea hafla ya Leonardo, kampuni ya Italia inayotengeneza silaha, wiki ya maonyesho ya ndege ya Farnborough. Ndani kulikuwa na Hope to Nope, maonyesho ya michoro ya siasa na maandamano! Wasanii na vikundi zaidi ya 40 waliandika barua moja wakitaka kazi zao zishushwe, na kutaja siku ya mwisho, 1 Agosti. Karibu theluthi ya kazi zikashushwa, na jumba likaacha watu waone zilizobaki bila kiingilio. Septemba wasanii wakatundika upya zilizoshushwa huko Brixton, mtaa mwingine wa London. Angalia walichodai: si radhi tu, bali sera inayokataa pesa za silaha. Radhi husahaulika meneja akibadilishwa, lakini sera iliyoandikwa humbana na anayemfuata. Ninyi pia dai hilo, na sera hiyo iguse ukodishaji wote wa jumba, si karamu ile moja.

Mkishapeleka barua, huenda wakakuita ofisini peke yako, kwa upole na chai. Hapo ndipo vikundi vingi huvunjika. Jibu kwamba mtazungumza pamoja, na kwa maandishi. Walinzi na wafagizi usigombane nao, si wao waliokodisha.

Kabla ya yote soma mkataba wa kuazimisha: notisi ni siku ngapi, nani analipa usafiri, bima inaishia lini. Usishushe picha mwenyewe ukutani, maana ikianguka mikononi mwako bima inaweza kugoma kulipa. Omba kwa maandishi washushe mafundi wao, nawe uwepo. Kama kuna picha uliyokwisha kuiuza, mwenye uamuzi ni mnunuzi, kwa hiyo mwandikie mapema. Hata hivyo, kama hukuuza hakimiliki wala kuwapa ruhusa kwenye mkataba, unaweza kudai waache kuichapa kwenye mabango.

Siku ya kushusha, piga picha mbele, nyuma na pembe zote nne, ukimulika tochi kutoka ubavuni ili nyufa zionekane, kisha wewe na fundi mtie saini karatasi inayoeleza hali ya picha. Bila karatasi hiyo, mkwaruzo wowote utabaki neno lako dhidi ya lao. Funika rangi kwanza kwa karatasi laini isiyo na tindikali, ndipo uzungushie plastiki ya malengelenge ya hewa (bubble wrap), malengelenge yakitazama nje. Yakigusa rangi huacha alama za duara ambazo hazifutiki. Picha isimame kwenye kasha, isilazwe. Kifuniko kifungwe kwa skrubu, si misumari, kwani kila pigo la nyundo hutikisa rangi iliyokauka nayo hupasuka.

Ukizituma huku, andika juu ya kasha kwamba lisifunguliwe uwanja wa ndege kama si lazima. Likifika nyumbani nitaliacha limefungwa siku nzima, mbao na turubai vizoee joto na unyevu wa ziwani. Likifunguliwa bado lina baridi, umande utatua juu ya rangi.

Mama yako,
Kirumba, Mwanza