Ukinunua Land Rover 109 ya Zamani, Nunua Chasisi

Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, kila mwenye mkweche nyuma ya nyumba anajiona amekalia mali. Gari liko juu ya mawe miaka nenda rudi, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, lakini ukiuliza bei unatajiwa hela ya gari linalotembea. Sina ugomvi na wauzaji, biashara ni maelewano. Ila wewe unayetafuta pikapu ya 109, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ili uifufue, usianze na bodi, na injini nayo isubiri. Thamani ya gari hili iko kwenye chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba kila kitu, na kwenye karatasi za umiliki.

Bodi inadanganya kwa sababu ni ya aluminiamu. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha kutafuta kwa tochi kule Uingereza, kwa hiyo Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948 ilivishwa aluminiamu, na utaratibu huo ukaendelea. Ndiyo maana unaweza kukuta 109 ya miaka ya sabini ubavu wake hauna doa la kutu, ukadhani gari zima liko hivyo. Chini yake kuna chasisi ya chuma, mabamba yaliyochomelewa yakawa boksi refu. Tope na maji vikishaingia humo, kutoka ni shida. Boksi linaoza kuanzia ndani kuja nje, kwa hiyo kutu ukiiona kwa macho, ndani kumeshaharibika zamani.

Nenda na nyundo ndogo, bisibisi bapa na nguo za kulalia chini. Gonga kuanzia mbele zinaposhikwa springi, rudi taratibu hadi boriti ya mwisho kabisa nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama kopo lililojaa mchanga. Ukisikia sauti hiyo, sukuma bisibisi. Maeneo ya kutosamehe ni mashikio ya springi za nyuma, ile boriti ya nyuma, na mikono ya pembeni inayobeba bodi. Halafu panda juu, inua mpira wa chini, utazame sakafu ya miguu na nguzo za milango: ule ukuta kati ya injini na dereva ni wa chuma, si aluminiamu, na kuutengeneza kunakula hela kuliko watu wanavyodhani. Chasisi iliyopakwa rangi nyeusi mbichi ya jana, ikwangue kwanza kabla hata hujauliza bei.

Kuna moja niliikagua upande wa Muheza, mkoani Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Rangi ya kijani bado inang'aa, viti vizima, mzee mwenyewe mstaarabu sana. "Gari hili halijawahi kulala nje, mwanangu," akaniambia, na nadhani alikuwa mkweli. Nikalala chini, bisibisi ikazama hadi kwenye mpini karibu na shikio la springi ya kulia, nilipoitoa ukamwagika unga mwekundu na vipande vyembamba vya chuma. Dalali akachuchumaa, akachungulia, akasema hiyo ni kutu ya juu tu. Mzee alinyamaza. Nikamwambia, "Mzee wangu, hili nitalinunua kama spea, siyo kama gari," na hatukuafikiana.

Pwani ndivyo ilivyo, chumvi haina huruma. Magari ya Singida, Kondoa na Dodoma mara nyingi yana sura mbaya, yamebonyea, rangi imeliwa na jua, lakini chasisi ni kavu. Yenyewe ugonjwa wake ni nyufa za barabara mbovu. Ufa usikutishe sana: fundi mzuri wa kuchomelea anausafisha, anauziba na kuuwekea bamba juu. Chasisi iliyooza haina pa kushikiza hilo bamba. Mimi nitachukua la Kondoa lililobonyea kila upande, nikaliacha la Tanga linalong'aa.

Halafu hakikisha ni pikapu kweli. Zimejaa station wagon zilizokatwa paa zikageuzwa pikapu. Tazama tangi la mafuta: kwenye pikapu ya 109 liko chini ya kiti cha mbele, kwenye station wagon liko nyuma. Beba na sumaku. Ikinasa kwenye bawa la mbele au ubavuni, hapo bodi halisi imetolewa na kuwekwa bati. Na usiamini uso wa gari. Grili ya plastiki ya toleo la Series III, lililoanza 1971, inafungwa hata kwenye IIA, toleo lililolitangulia. Ukiona grili ya plastiki lakini saa za dashibodi, za spidi na mafuta, ziko katikati kama za IIA badala ya mbele ya dereva, anza kuuliza maswali.

Injini nimeiacha nyuma makusudi. Ile ya lita 2.25, ya petroli au ya dizeli, mafundi wengi wanaijua vizuri, kwa hiyo ikiwa imekufa, punguza bei tu. Ikiwa imewekwa injini ya Kijapani, inategemea unataka nini. Kwa kazi ya shamba huenda ni faida. Kwa anayetaka gari lake lilivyotoka kiwandani ni hasara mara mbili, maana mabano ya kushikia injini yamekatwa na kuchomelewa upya. Kote kuwili, namba ya injini ilingane na iliyo kwenye kadi ya usajili wa gari.

Sasa karatasi, ambako watu wengi wanalia. Magari haya mengi yalikuwa ya serikali au mashirika ya umma, namba za ST na SU, yakauzwa kwa mnada, kisha yakapita mkono kwa mkono bila mtu kubadili umiliki. Anayekuuzia ana risiti ya mtu wa nne. Soma namba iliyogongwa kwenye chasisi yenyewe, upande wa kulia mbele karibu na shikio la springi, uilinganishe na kadi, halafu nenda nayo TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kutoa hata shilingi. Kadi ikiwa na jina la marehemu, usikubali maneno ya "ndugu wote tumekubaliana". Omba kuona barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye asaini. Gari zuri lisilo na kadi mimi nalihesabu kama spea.

Kwenye bei nina sakafu yangu. Najiuliza: nikilichinja leo, nikauza giaboksi, difu, milango na tairi za 7.50-16, na mabaki yakaenda kwa wa vyuma chakavu, napata ngapi? Siendi mbali juu ya hapo mpaka chasisi na kadi vyote viwe vizima. Vikiwa vizima naongeza bila kinyongo, hata kama injini haipo kabisa.

Mkishaelewana, usiliwashe ukalipeleka nyumbani mwenyewe. Mipira ya breki iliyokaa miaka haina uaminifu. Lipakie kwenye lori. Na kwenye mkataba andika kila kinachoondoka na gari: tairi la akiba, jeki, geti la nyuma, taa, vioo vya milango. Vioo hasa. Vina tabia ya kupotea kati ya siku ya malipo na siku lori linapofika.