Kwani Tanga na Dar si Tanzania ileile? (kwa nyie mlioanza ekspoti ya mkonge juzi)

Jumanne asubuhi nimeingia ofisini, mkoba sijautua, nikamkuta mmoja wa vijana wetu wa fildi anatabasamu. "Dada, drafti ya BL imeshakuja, nimeikonfemu." (BL, hati ya shehena anayotoa mwenye meli.) Imekuja saa ngapi? Saa mbili na dakika kumi. Umekonfemu saa ngapi? Saa mbili na dakika kumi na tatu. Dakika tatu wallahi! Mi dakika tatu natafutia miwani tu. Tukaifungua pamoja, kwenye konsaini (mpokea mzigo) pamekaa jina la mnunuzi kavu kavu, wakati LC, ile ahadi ya benki yake kulipa makaratasi yakiwa sawa, inataka "to order" (kwa amri, siyo jina lake kavu), yaani tungekuwa tumemkabidhi mtu mali mkononi afu ndo tunaanza kumbembeleza atulipe, na benki nayo ingetutupia makaratasi yetu usoni. Sikumgombeza. Haya, nilimgombeza kidogo.

Sasa kwa kuwa kila mwaka mnakuja wapya na kila mwaka makosa ni yaleyale, utadhani mnarithishana kwenye daftari, naandika mara moja niwe nawatumia tu. LC na BL sielezi zaidi ya hapo, chuo mmesoma na ada mmelipa.

1. Drafti inasomwa kwa sauti. Mmoja anasoma, mwenzie kashika LC anafuata kwa kidole, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Wa ofisi ya jirani watadhani mnasoma hitima, waacheni wadhani.

2. LC isome siku ileile inapoingia, usisubiri mzigo ufungwe. Na hapa inabidi niseme langu, maana wengine mnaniona najua sana na hamjui nilijulia wapi.

Ilikuwa 2012, nina mwaka wa pili kazini, na mwaka wa pili ndo mbaya kuliko wa kwanza, wa kwanza unaogopa. Tulikuwa na LC ya mnunuzi mmoja wa Ghuba, watu wa kule wanachanganya nyuzi kwenye jasi za kupambia dari. Mkonge daraja la UG, kontena nne za futi 40, kila moja robota 100, robota kilo 250, yaani tani 100 kamili kwa dola 1,300 tani. Bandari ya kupakilia imeandikwa Tanga. Nimeisoma. Hilo naomba mlikumbuke, niliisoma.

Enzi zile meli zilikuwa zinatia nanga huko nje mzigo unafuatwa na matishari (mashua bapa za mizigo), fida (meli ndogo za kupeleka kontena bandari kubwa) nazo zilikuwa zinakuja zikijisikia. Alhamisi shipping line wakapiga simu: meli inaruka Tanga, nyingine ni wiki mbili mbele, mkitaka pelekeni kontena Dar kwa lori zikapande huko. Tarehe ya mwisho ya kupakia kwenye LC imebaki siku nane. Kwenda Dar kulikuwa sahihi kabisa, mpaka leo ningeenda Dar. Ila kwanza ningemwandikia mnunuzi aombe amendimenti (marekebisho ya LC), yeye aende benki yake, benki yake iandikie benki yetu, siku tatu nne hivi na ada isiyofika dola 200, kwisha kazi.

Sikumwandikia. Na sababu nitawaambia ili mjue mtu mzima anavyoharibu kazi: Jumamosi binti wa mama mdogo alikuwa anaolewa Pangani, mi ndo mshika sare, vitambaa viko kwa fundi Ngamiani, na nikianza habari za amendimenti nitakaa ofisini Ijumaa yote mpaka usiku. Nikajisemea, kwani Tanga na Dar si Tanzania ileile? Mkonge ni uleule, meli ni ileile, mnunuzi anapokea kulekule. Lori zikaondoka, na mi nikaondoka. Nilicheza sana.

BL ikatoka, bandari ya kupakilia Dar es Salaam, kama inavyotakiwa maana BL haidanganyi. Nikapanga makaratasi yangu vizuri, invoisi, pakingi list, cheti cha uasilia, cha mimea, cha fumigesheni, nimebana na klipu mpya, nikawahi benki siku ya tisa wakati UCP (kanuni za kimataifa za LC) inatoa siku 21 tangu kupakia. Najiona fundi. Dada wa dawati la biashara ya nje akatazama dakika mbili akasema, "Mwenzangu, hapa pameandikwa Dar." Nikamwambia najua, ni hali ya meli tu, wewe peleka. Akaniambia watakataa. Nikamwambia kwa kiburi kabisa, mnunuzi wetu tunaelewana naye. Akaleta fomu nisaini kwamba tumeambiwa na tumekubali makaratasi yaende na kasoro yake. Nikasaini! Kalamu yake yenyewe.

Benki ya kule ina siku tano za kazi kuangalia makaratasi, ikazitumia zote tano, siku ya tano jibu likaja: hatulipi, makaratasi tumeyashika hapa tukisubiri maelekezo. Mi nikakimbilia kwenye imeili kumwelezea mnunuzi habari za fida na matishari, kurasa mbili nzima. Akanijibu baada ya siku sita. Salamu nyingi, anatuheshimu sana, ila soko limeshuka na kuna mtu kampa nyuzi kwa bei nafuu kuliko yetu, basi akubali kasoro tukimpunguzia asilimia 12. Ile kasoro nilimpa mimi, nimemfungia kama zawadi, angeshindwaje kuifungua? Na kontena nne zimeshafika kwake, siku za bure zinaisha, demeraji (tozo ya kontena kuchelewa bandarini) inatembea usiku na mchana kama mita ya teksi, na ukitaka kuzirudisha au kumtafutia mteja mwingine hapohapo bandarini ndo kabisa, kila mtu anajua umekwama. Tukampunguzia. Asilimia 12 ya dola 130,000 ni dola 15,600. Demeraji siihesabu humo.

Ikabidi nikamwambie Mzee, mwenye kampuni. Akaisoma LC polepole, akaisoma BL, akavua miwani. "Hii LC ulisoma?" Nilisoma Mzee. "Na bandari uliiona?" Niliiona. Akasema, "Ungeniambia hukusoma ningekusamehe."

Kesho yake akaniambia panda gari. Hajasema tunaenda wapi. Kutoka mjini mpaka Muheza hakutoa neno, Muheza akanunua machungwa, akala yeye na dereva. Mi sikupewa. Tukaenda mpaka shambani njia ya Korogwe, akanisimamisha pembeni ya korona (mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani), ile kelele, yale maji ya kijani, harufu mnaijua, akaniuliza kwa kupiga kelele: dola 15,600 ni tani ngapi? Kumi na mbili Mzee. Na jani likipita hapa nyuzi ni ngapi kwa mia? Nne hivi. Basi piga. Nikapiga kwenye simu, tani 300 za majani. Wakataji walikuwa wanarudi, wamefunga majani thelathini thelathini, mikono imechanika na ile miba ya ncha. Mzee akawaangalia akasema, "Hawa wamekata tani mia tatu kuchangia harusi ya Pangani."

Hakunifukuza. Jumatatu akaniwekea LC nyingine mezani. (Na ile harusi yenyewe, kwa taarifa yenu, ilivunjika baada ya miaka miwili.)

Kwa hiyo wadogo zangu, benki hainunui mkonge. Benki haijawahi kuona mkonge, haijui unafanana na nini, yenyewe inanunua karatasi, na UCP 600 imelisema hilo waziwazi tangu 2007: mabenki yanashughulika na makaratasi, siyo mali. Siku hizi LC ikiwa bado inajadiliwa naomba waandike "any port in Tanzania", maneno manne tu, hayana gharama. Wakikataa sawa, lakini omba.

3. Kwotesheni iwe na tarehe ya kufa. Hapa naona mnaandika CIF Rotterdam (bei yenye freti, yaani nauli ya meli, na bima mpaka Rotterdam) kama mnaandika jina la mtaa, bila "bei hii mwisho lini". Rafiki yangu mmoja anauza viungo vya Amani, pilipili manga, karafuu na iliki, Novemba 2023 alitoa bei ya CIF kwa freti ya Oktoba, mnunuzi akakaa nayo kimya. Ndo mwezi huohuo meli zikaanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, kufika Januari mashirika makubwa yameacha kupita Suez yanazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari inaongezeka siku kumi mpaka wiki mbili, freti inapanda kila ukiuliza. Mnunuzi akaamka: nakubali bei yako ya Novemba. Huyo dada alipeleka mzigo maana jina ni jina, ila faida yote ikaliwa na bahari, na alikaa mwaka mzima ukitaja neno CIF anabadilisha mada. Na siyo mara ya kwanza Suez kutufanyia hivyo, Machi 2021 ile Ever Given, meli ya mita 400, ilikaa kwenye mfereji kama mfupa kooni siku sita, nyie mlikuwa mnatumiana vichekesho, sisi tulikuwa tunatafuta kontena tupu hazipo.

Halafu CIF, unalipa freti na bima mpaka kwake, lakini hatari inahamia kwake mzigo ukishapanda melini huku kwetu. Akikupigia kelele robota zimelowa baharini mwelekeze kwenye bima kwa adabu, usianze kuomba radhi kwa maandishi! Nimeona mtu anaomba radhi kwa maandishi. Na kwa kontena kitabu cha Incoterms 2020 (kanuni za nani anabeba gharama na hatari) kinataka FCA (hatari inahama ukimkabidhi msafirishaji) badala ya FOB (inahama mzigo ukipanda melini), ila wanunuzi wataandika FOB mpaka kiama, nyie jueni tofauti tu.

4. Haraka haraka: VGM (uzito wa kontena uliopimwa na kuthibitishwa) ni lazima tangu Julai 2016, msipime kwa macho, mkonge ni HS 5305 (namba ya forodha ya bidhaa), msibuni, cheti cha mimea cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea) kichukueni kabla meli haijaondoka, na cheti cha uasilia cha EAC siyo cha SADC siyo cha AfCFTA (soko huru la Afrika), uliza mzigo unaenda wapi kabla hujajaza.

5. Imeili ikisema "tumebadilisha akaunti ya benki", piga simu, kwa namba uliyokuwa nayo zamani, siyo iliyoandikwa chini ya hiyo imeili. Sina la kuongeza.

6. Sikilizeni habari za dunia. Juzi mmoja wenu kaniuliza, dada mambo ya vita na siasa za huko yanatuhusu nini sisi wa Tanga. Yakhe! Tanga hii ilijengwa na mambo ya huko. Mkonge wenyewe ni mgeni, Mjerumani Hindorf aliuleta 1893 kwa safari ndefu, miche mingi ikafia njiani, iliyobaki ndo ikazaa mashamba yote haya mnayoyaona mkienda Korogwe. 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000, tulikuwa namba moja duniani, treni zinashusha robota usiku kucha. Babu yangu alikuwa karani wa stoo ya mkonge, alituhadithia walipoletewa mara ya kwanza kipande cha kamba ya plastiki walikipitisha mkono kwa mkono wanacheka, hii itafunga nini? Ikafunga mashamba. Kamba za polipropilini zikachukua soko la kamba za kufungia majani makavu Ulaya na Marekani, kwetu nako mambo ya kutaifisha yakaongeza yake, na leo wa kwanza ni Brazili. Na siyo hadithi za babu tu, 2022 benki kadhaa za Urusi zilipotolewa SWIFT (mtandao wa mabenki kuagizana malipo) namjua mtu hapahapa mjini alikuwa na mzigo baharini na hajui hela itapita mlango gani. Alikonda.

Najua mnajivuna, sasa ivi bandari ina kina cha mita 13, meli inafunga gatini yenyewe, bomba la kilomita 1,443 linatoka Uganda linakuja kuishia Chongoleani, na matishari mnayasikia kwangu tu. Sawa, na mi nafurahi, tena sana. Ila mita 13 hizo hazisomi LC.

Nimekatishwa hapo katikati. Yule kijana wa dakika tatu kaja na drafti mpya, shipping line wamerekebisha konsaini, kamshika mwenzie kamkalisha kiti cha pili, anasoma kwa sauti kama bilali. Bandari ya kupakilia, T, A, N, G, A, kanitazama kwa jicho la pembeni. Uzito sawa, robota sawa. Sasa wamekwama kwenye namba ya sili ya kontena ya pili, BL inasema tano mwishoni na pakingi list inasema sita, na kila mmoja anamwangalia mwenzie. Ngoja niende.