Ukitaka kufanya utafiti kwa tekineti-99m, anzia kwenye jenereta

Maombi mengi ya utafiti wa picha za nyuklia, ambazo hupigwa baada ya mtu kudungwa dawa yenye mionzi kama ya tekineti-99m, huimaliza sehemu ya kinga ya mionzi kwa mistari mitatu: wahudumu watavaa aproni za risasi, watavaa beji za kupima mionzi, na washiriki watapewa dozi ndogo iwezekanavyo. Baada ya hapo ni takwimu tu. Sehemu hiyo inastahili kuandikwa upya, na ianzie asubuhi jenereta, yaani kifaa kinachozalisha tekineti-99m, inapokamuliwa. Picha ikiharibika, mshiriki amepigwa mionzi bure, na akirudiwa atapigwa tena. Aproni haina msaada hapo.

Tuchukue kipimo kinachofanyika sana, picha ya mifupa kwa tekineti-99m iliyoshikanishwa na MDP, dawa inayoipeleka kwenye mifupa. Mtu mzima hudungwa takriban MBq (megabekereli, kipimo cha nguvu ya mionzi) 600. Kwa kigezo cha ICRP, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, cha milisivati (kipimo cha dozi inayoingia mwilini) 0.0049 kwa kila MBq, mwili mzima unapata karibu milisivati 2.9. Kwa mgonjwa anayetafutiwa saratani iliyosambaa, kiasi hicho kina faida ya wazi. Kwa aliyejitolea kwa ajili ya utafiti, faida itakuwepo tu kama data inasomeka.

Ndani ya jenereta, molibdeni-99 imeshikwa kwenye safu ya oksidi ya alumini. Nusumaisha yake, yaani muda wa nguvu yake kupungua kwa nusu, ni saa 66, na kadiri inavyopungua huzaa tekineti-99m yenye nusumaisha ya saa 6. Tanzania na Kenya hazina kinu cha nyuklia kinachozalisha molibdeni. Mzigo hutoka kwenye vinu kama vya Petten nchini Uholanzi, BR2 Ubelgiji au SAFARI-1 Afrika Kusini, na huja kwa ndege. Kila siku moja ya kukwama njiani inakula takriban asilimia 22 ya nguvu yake. Kinu cha Chalk River cha Kanada kiliposimama kuanzia Mei 2009 hadi Agosti 2010, hospitali katika nchi nyingi ziliahirisha vipimo. Kwa hiyo usipange washiriki siku ileile jenereta inayotarajiwa kufika. Waweke kuanzia siku ya pili, ukiwa umeshaikamua na kuipima.

Kukamua ni kazi ya dakika chache, lakini ina mitego. Unaweka kichupa cha maji ya chumvi ya 0.9% upande mmoja, na upande wa pili kichupa kisicho na hewa, kikiwa ndani ya kinga yake ya risasi. Ombwe huvuta maji yapite kwenye safu. Mwenye haraka hukiondoa kichupa mara tu maji yanapoacha kuingia. Usifanye hivyo. Subiri mapovu ya hewa yapite hadi yaishe, maana hewa hiyo ndiyo inayokausha safu. Maji yakibaki ndani, mionzi huyavunjavunja na kuzalisha kemikali zinazofanya ukamuaji unaofuata utoe tekineti pungufu. Ukikamua tena baada ya saa 23 au 24, tekineti itakuwa imefika kilele chake.

Jenereta iliyokaa wikendi nzima bila kukamuliwa ina shida nyingine. Sehemu kubwa ya tekineti-99m imeshageuka tekineti-99 ya kawaida, ambayo haionekani kwenye kamera lakini inagombania bati lilelile lililomo kwenye dawa kavu (unga unaochanganywa na tekineti), ambalo ndilo huishikanisha tekineti na dawa. Dawa zenye bati kidogo, kama HMPAO ya ubongo, hushindwa kabisa. Zenyewe zinataka jenereta iliyokamuliwa ndani ya saa 24 zilizotangulia na maji ya tekineti ambayo hayajazidi saa 2 tangu yakamuliwe. Jumatatu kamua mapema, umwage, kisha kamua tena baadaye kwa kazi ya utafiti. Utapata kiasi kidogo zaidi, lakini kitashikana na dawa.

Sasa pima molibdeni iliyovuja. Weka kichupa kwenye kopo la risasi lenye unene wa karibu milimita 6, kisha kitumbukize kwenye kalibreta ya dozi, mashine inayosoma MBq. Risasi hiyo inazuia karibu mionzi yote ya keV 140 (keV ni kipimo cha nishati ya mionzi) ya tekineti, lakini ile ya keV 740 ya molibdeni inapenya. Kikomo cha Marekani ni kBq (sehemu ya elfu ya MBq) 0.15 za molibdeni kwa kila MBq 1 ya tekineti, na kinahesabiwa wakati wa kumdunga mtu, si wakati wa kukamua. Hapa ndipo wengi hukosea. Tekineti hupungua haraka kuliko molibdeni, kwa hiyo uwiano unapanda kadiri siku inavyokwenda. Ukisoma 0.08 saa 2 asubuhi, ifikapo saa 8 mchana umeshafika 0.15. Kipimo cha asubuhi kilichofaulu hakimlindi mshiriki wa alasiri. Andika kwenye lebo ya kichupa saa ya mwisho ya kukitumia.

Kuchanganya na MDP kuna adui mmoja mkubwa, nayo ni hewa. Bati lililo kwenye unga ndilo linaloifanya tekineti ishikane na MDP, na oksijeni huliharibu. Usisukume hewa ndani ya kichupa kusawazisha shinikizo. Unapoingiza maji ya tekineti, vuta ujazo uleule wa gesi iliyomo kabla ya kuchomoa sindano. Usizidishe kiwango cha MBq wala ujazo ulioandikwa kwenye karatasi ya dawa, tikisa hadi unga uyeyuke, uache muda ulioelekezwa.

Kisha kuna kipimo kinachorukwa kuliko vyote, kromatografia, kinachoonyesha ni tekineti kiasi gani imeshikana na dawa. Kinahitaji vipande viwili vya karatasi maalumu, asetoni, maji ya chumvi, na dakika chache. Dondosha tone dogo sentimita 1 kutoka chini ya kila kipande, ukihakikisha kimiminika kwenye chupa hakifikii tone. Kikilifikia, dawa inayeyukia chini na jibu linakuwa la uongo. Vilevile usiache tone likauke hewani kwa muda mrefu, litaharibika hapo hapo na utailaumu dawa nzima. Kwenye asetoni, tekineti huru hupanda hadi juu na vingine hubaki chini. Kwenye maji ya chumvi, MDP na tekineti huru hupanda, na kinachobaki chini ni chembechembe zilizoganda. Kata vipande katikati, pima kila nusu, jumlisha asilimia za hizo takataka mbili, utoe kwenye 100. Ikiwa chini ya 95, kichupa hicho si cha utafiti.

Ukiliruka hilo, kamera itakuja kukuambia mwenyewe. Tekineti huru inawaka kwenye tezi ya shingo, tezi za mate na tumbo. Chembechembe zinawaka kwenye ini. Wakati huo mtu ameshapata milisivati zake 2.9.

Tuje kwenye vidole vya mwandaaji, ambavyo huumia bila kelele. Sirinji yenye MBq 600 isiyo na kinga inatoa takriban mikrosivati 12 kwa saa ukiwa umbali wa mita 1. Sogea hadi sentimita 10, inakuwa milisivati 1.2 kwa saa. Kwa sentimita 1 ni karibu milisivati 120 kwa saa, maana yake sekunde 30 ni milisivati 1 kwenye ncha ya kidole. Anayeandaa sirinji tano kwa siku kwa siku 250 za kazi, kwa mwendo huo, anafika milisivati 1,250, na kikomo cha ngozi na mikono kwa mwaka ni 500. Beji ya kifuani itaendelea kuonyesha kwamba mambo ni shwari.

Ala ya tungsteni (metali nzito inayozuia mionzi) ya milimita 2 kwenye sirinji huondoa sehemu kubwa sana ya dozi hiyo, kwa hiyo ivae kabla ya kuvuta dawa, si baada ya kuvuta. Kichupa kishikwe kwa koleo. Mazoezi ya kuvuta na kufunika sindano yafanyike kwa maji matupu mpaka mikono izoee. Mradi wa Ulaya uitwao ORAMED ulipima vidole kwa makini na kupendekeza pete ya kipimo ivaliwe kwenye shina la kidole cha shahada cha mkono usiotumika sana, uso wake ukielekea kiganjani. Kukadiria dozi ya juu kabisa ya ngozi, usomaji huo huzidishwa mara 6. Na aproni ya milimita 0.5? Kwa tekineti inabakiza kati ya robo na theluthi ya mionzi, si haba. Kwa florini-18, chanzo kingine cha picha za nyuklia chenye mionzi ya keV 511, inazuia chini ya asilimia 10. Huko kinachokukinga ni umbali, kasi na ukuta mnene.

Kwenye kudunga, weka kanula na uijaribu kwa maji ya chumvi kwanza. Dawa ikimwagikia nje ya mshipa, picha inafifia na pale mkononi panawaka kama ugonjwa. Saa ya kalibreta, ya ukutani na ya kamera zisomeke sawa. Ukitaka MBq 600 saa 4 asubuhi na unavuta saa 2, vuta 756. Baada ya kudunga, rudisha sirinji kwenye kalibreta upime kilichobaki. Dozi ya utafiti ni iliyoingia mwilini, si iliyoandikwa kwenye ratiba.

Mshiriki anywe maji, kama lita moja ndani ya zile saa 2 hadi 4 za kusubiri, na akojoe mara kwa mara, na lazima kabla ya kulala kwenye kamera. Hilo linapunguza dozi ya kibofu na linaonyesha nyonga vizuri. Tone la mkojo kwenye nguo linaweza kufanana na uvimbe wa mfupa. Ukishuku, mvue nguo hiyo, osha ngozi, piga picha ya sehemu hiyo tena. Huhitaji kumdunga upya.

Kamera yenyewe ipimwe usawa wake kila asubuhi, dirisha (nishati inayopokelewa) likiwa keV 140 kwa asilimia 20, na kolimeta (sahani yenye vitundu inayochuja mionzi) ya nishati ndogo.

Kwenye fomu ya maadili, andika hesabu. ICRP, katika chapisho namba 62, inaweka utafiti wa milisivati 1 hadi 10 katika kundi la IIb, ambalo faida yake lazima ielekee moja kwa moja kwenye kutambua, kutibu au kuzuia ugonjwa. Ukiongeza CT (picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka) kwenye SPECT (picha ya nyuklia ya pande tatu), jumlisha na dozi yake, na kama mtu atapigwa picha mara mbili, zidisha. Watu wengi wanaisahau CT. Tanzania, kibali cha kitaifa cha utafiti wa afya kinatoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na leseni ya vyanzo vya mionzi kutoka TAEC, tume ya nguvu za atomiki. Kenya, upande wa mionzi ni KNRA, mamlaka ya kudhibiti nyuklia.

Taka za tekineti zihifadhiwe saa 60, ambazo ni nusumaisha 10, zikibakiza karibu sehemu moja ya elfu. Zipime, ondoa lebo za mionzi, ndipo zitoke. Pipa lake lisichanganywe kamwe na la iodini-131. Glavu moja yenye iodini inalifanya pipa zima lisubiri siku 80.