Maua ya msimu mmoja yanaifaa Dodoma, ukiyapanda na mvua

Nilihamia Nkuhungu, hapa Dodoma, nikitokea Muheza, na kosa langu la kwanza nililifanya mwezi wa Agosti. Nilinunua miche 12 ya petunia, nikaipanda mbele ya nyumba kwenye tuta lililoinuka, kama mama alivyozoea kufanya kule kwetu. Nilimwagilia asubuhi na jioni. Upepo wa Agosti ukaikausha yote. Siku ya tisa majani yalikuwa yanavunjika ukiyagusa. Iliniuma sana.

Sasa nawaambia wote wanaoniuliza: kama maji yako ni ya ndoo na mgao, panda maua ya msimu mmoja, na yapande na mvua. Mvua zetu huja mara moja kwa mwaka, takriban Desemba hadi Aprili. Ua la zinia, kwa mfano, huota ndani ya wiki moja na kuchanua baada ya wiki nane hivi, kwa hiyo linamaliza maisha yake yote kabla ya kiangazi.

Ila usiikimbilie mvua ya kwanza. Hunyesha usiku mmoja, udongo unanukia, unamwaga mbegu, halafu jua linawaka wiki mbili. Jirani yangu, bibi wa Kigogo aliyelima uwele na mtama tangu utoto, alinionyesha kipimo chake: alichimba kwa mkono mpaka kifundo kikazama, akatoa udongo wa chini na kuufinya. Ukishikamana, panda. Ukimwagika kati ya vidole, ngoja.

Bibi huyohuyo ndiye aliyenifanya nivunje matuta. Kwetu pwani tuta huokoa mizizi isioze. Hapa linapoteza maji. Chimba jaruba, yaani kitalu kilichozama kama kiganja kimoja chini ya usawa wa ardhi, uchanganye samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Maji yote yanabaki humo, hata yale ya kusuuzia nguo ninayoyamwaga mvua inaposimama Februari. Yamwage shinani, si kwenye majani, maana zinia likiloa majani hupata madoa ya ukungu. Kosmosi, ua jingine la msimu mmoja, nalo usilishibishe samadi. Litarefuka na kujaa majani, maua yatakuwa ya kuhesabu.

Tandaza nyasi kavu, lakini acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina, kwa sababu mchwa wa huku hawachelewi. Kuku nawazuia kwa matawi ya miiba ya mgunga mpaka miche ifike gotini.

Zinia likiwa na jozi nne za majani, kata kile kichwa cha juu. Najua mkono unasita. Litatoa matawi pembeni, na badala ya ua moja utapata mengi. Halafu kila ua linalonyauka likate. Ukiliacha, mmea unageukia mbegu na kuacha kuchanua.

Kuanzia mwishoni mwa Machi naacha kukata. Nachagua vichwa vikubwa, vya rangi ninazozipenda, vikaukie shambani mpaka viwe vya kahawia, kisha navianika kivulini kwenye ungo siku kadhaa. Mbegu nazihifadhi kwenye bahasha ya karatasi, kamwe si mfuko wa nailoni, maana humo zinatoa jasho na kuoza. Kama pakiti yako ya mwanzo ilikuwa chotara, watoto hawatafanana na mama. Mwaka jana jaruba langu la mbegu za maua mekundu lilitoa maua ya rangi ya waridi na ya machungwa, na yale ya machungwa ndiyo niliyoyawekea bahasha yake peke yake.